Fukieni Kwanza, Mdai Baadaye: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Serikali za Mitaa

Waheshimiwa madiwani, wakurugenzi, wahandisi, maafisa afya na wanasheria wa serikali za mitaa,

Ninawaandikia kuhusu mashimo yaliyochimbwa kwa kazi fulani, kisha kazi ikakwama au ikaisha na shimo likaachwa wazi. Misingi ya majengo ambayo hayakujengwa. Machimbo ya mchanga na mawe yaliyokwisha. Visima vilivyokauka, mashimo ya maji taka yaliyobaki nyumba zilipobomolewa, njia za kushukia migodini ambazo hakuna tena anayezitumia. Mengi ya mashimo haya yamo ndani ya viwanja na mashamba ya watu binafsi, na hapo ndipo malalamiko yetu yanapokwamia. Mwananchi anaripoti, ofisa anafika, anatazama, anaandika, halafu anatoa jibu ambalo wengi wetu tumelizoea: hiyo ni mali ya mtu, tunamtafuta mwenyewe.

Ombi langu ni moja. Shimo likishathibitika kuwa linahatarisha uhai, iondoeni hatari hiyo kwa fedha na vifaa vyenu, kisha mdaini mwenye kiwanja kila senti mliyotumia. Mtafuteni kwa muda mtakaohitaji, lakini mtafuteni shimo likiwa limeshazibwa.

Nianze na kisa cha zamani, kwa sababu kinaonyesha kuwa tatizo hili halikuwahi kuwa tatizo la kutojua. Aprili 8, 1949, huko San Marino, California, mtoto wa kike wa miaka 3 na nusu alikuwa akicheza na ndugu zake kwenye uwanja wenye majani akatumbukia katika kisima kilichoachwa. Kisima kilichimbwa mwaka 1903, na mdomo wake ulikuwa na upana wa sentimita 36 hivi. Waokoaji walichimba shimo jingine sambamba, usiku na mchana. Kituo kimoja cha televisheni kilirusha matangazo ya moja kwa moja kwa saa 27, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa wakati ule. Walipomfikia baada ya siku mbili, karibu mita 30 chini, alikuwa ameshafariki. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya maji iliyokuwa imekichimba kisima hicho. Muda si mrefu kabla ya siku ile, baba huyo alikuwa amekwenda mbele ya Bunge la jimbo kuunga mkono muswada wa kulazimisha visima vyote vikuukuu vizibwe kwa saruji.

Waheshimiwa, mtu aliyeijua hatari, aliyeifahamu kazi ya visima, aliyesimama hadharani kuomba sheria, alimpoteza mwanawe katika hatari ileile. Kilichokosekana ni mkono wa mamlaka kwenye mdomo wa kisima kimoja.

Tangu hapo orodha imezidi kurefuka. Januari 2019, huko Totalán, kusini mwa Hispania, mtoto wa miaka 2 aliangukia shimo lenye upana wa sentimita 25 hivi na kina cha zaidi ya mita 100, lililochimbwa kutafuta maji katika shamba la mtu binafsi. Wachimba migodi waliitwa kutoka upande wa pili wa nchi, mlima ukakatwa, shimo la mita 60 likachimbwa kando, na mwili ukapatikana siku ya 13. Februari 2022 dunia ilikesha siku nyingine za namna hiyo ikisubiri habari za mtoto wa miaka 5 katika kisima cha mita 32 kijijini Ighran, Morocco. Naye hakupona.

India ina fundisho chungu zaidi, hasa kwa wale kati yenu wanaoamini kuwa kazi imekwisha kanuni ikishapitishwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa maelekezo ya wazi kuhusu visima virefu: kuwe na taarifa ya maandishi kabla ya kuchimba, uzio wa seng'enge wakati wa kazi, mfuniko wa chuma uliofungwa imara, na kisima kinachoachwa kijazwe kuanzia chini kabisa hadi usawa wa ardhi. Maafisa wa wilaya walikabidhiwa jukumu la kuhakiki. Oktoba 2019, katika jimbo la Tamil Nadu, mtoto wa miaka 2 alitumbukia katika kisima kilichoachwa shambani kwao akafa. Maelekezo yalikuwa na umri wa miaka tisa.

Nimetaja visima vyembamba kwa kuwa ndivyo vinavyoleta kamera. Nina hofu kubwa zaidi na yale mashimo mapana yasiyoleta mtu yeyote, yale yanayojaa maji msimu wa mvua na kuonekana kama bwawa. Mtoto anayaona maji. Haoni kwamba ukingo umekatwa wima, kwamba hatua moja kutoka maji ya magotini inamfikisha kwenye kina cha mita nne, wala kwamba udongo wa ukingoni ni tope linaloteleza na hakuna pa kushika anapotaka kutoka. Hata mtu mzima anayejua kuogelea hushindwa kupanda ukuta wa udongo uliolowa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Miongoni mwa hatua ambazo shirika hilo linazisisitiza ni kuweka vizuizi vinavyowatenga watoto na maji. Uzio unaozunguka shimo ni mojawapo, na mnaweza kuujenga wiki hii.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Ndani ya shimo refu lisilopitisha hewa, hasa lenye maji machafu au majani yanayooza, oksijeni hupungua na gesi nzito hutuama chini. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka chini ya 10 mtu hupoteza fahamu upesi bila kupata muda wa kupiga kelele. Ndiyo maana mara nyingi katika mashimo ya maji taka hafi mtu mmoja: anaanguka wa kwanza, ndugu anashuka kumwokoa, jirani anamfuata ndugu. Watu hawa huwa hawana kosa lolote isipokuwa upendo. Tafadhali, mkiwa mnaandaa mabango, andikeni pia kwamba mtu asishuke kumfuata aliyeanguka bila kifaa cha hewa na kamba. Lakini msiishie kwenye bango. Mtoto wa miaka 4 hasomi. Utepe wa rangi nao hukatika kwa upepo wa siku mbili, na mara nyingi huachwa ukining'inia kama ushahidi kwamba ofisi ilipita hapo.

Halafu kuna majirani. Udongo ulio chini ya msingi wa nyumba hubeba uzito kwa sababu udongo wa pembeni unaukamata. Ukichimba mita tatu kando ya ukuta wa jirani na kuacha shimo wazi kwa misimu miwili ya mvua, umeondoa kile kilichokuwa kinaishikilia nyumba yake. Nyufa zinaanza kwenye kona, mlango unagoma kufunga, na yeye hana haki ya kuingia kiwanja kisicho chake kujenga ukuta wa kuzuia. Anawasubiri ninyi. Maji yaliyotuama nayo, kwenye joto la kutosha, yanampa mbu nafasi ya kutoka yai hadi kuruka katika muda wa wiki moja hadi mbili, na mbu haheshimu mpaka wa kiwanja.

Sasa nije kwenye hoja ya mali ya mtu. Ninaiheshimu. Sitaki serikali inayoingia kwenye viwanja vya watu inavyotaka. Lakini haki ya kumiliki ardhi haijawahi kubeba haki ya kutega hatari kwa wengine, na sheria za nchi nyingi zimelitamka hilo zamani. Kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1868 na ambayo wanasheria wenu waliisoma mwaka wao wa kwanza, ilitokana na njia za mgodi zilizoachwa: maji ya bwawa lililojengwa juu yake yalipenya humo yakafurika katika mgodi wa jirani, na mwenye bwawa akabeba gharama. Huko Uingereza, sheria ya migodi na machimbo ya mwaka 1954 inahesabu njia ya mgodi iliyoachwa bila kizuizi imara kuwa kero ya kisheria, na sheria ya mazingira ya mwaka 1990 inairuhusu mamlaka ya mtaa kuiondoa kero yenyewe pale notisi inapopuuzwa, kisha kumdai mhusika na hata kuifunga gharama hiyo kwenye mali yake. California leo inamtia hatiani mmiliki anayeacha kwa makusudi shimo, kisima au njia ya mgodi bila kufunika, kufukia au kuzungushia uzio, na inawataja kwa jina watoto wa chini ya miaka 12 miongoni mwa wanaolindwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 kuhusu wajibu wa mwenye eneo inamtaka atarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba mtoto aliingia pasipomhusu isitumike kufunga mafaili.

Wengi wenu mna mamlaka ya aina hii tayari, ndani ya sheria za afya ya jamii, za ujenzi au za mipango miji. Pale ambapo hamna, sheria ndogo inaweza kutungwa. Kinachoniumiza ni kuona mamlaka ipo na inatumiwa kuandika barua tu. Barua ya kwanza, ya pili, ya onyo la mwisho, kisha ofisa anahamishwa na mwenzake anaanza upya na barua ya kwanza.

Tena mnajua wamiliki wa mashimo haya ni akina nani. Mara chache ni mtu mkaidi anayeishi jirani. Mara nyingi ni marehemu ambaye warithi wake hawajaelewana. Ni kampuni iliyofilisika. Ni mtu aliyehamia nchi nyingine. Ni kiwanja kilicho mikononi mwa benki, au chenye kesi mahakamani na amri ya kuzuia uendelezaji. Hakuna hata mmoja kati ya hawa atakayekuja na lori la kifusi kwa sababu ya notisi. Kuhusu viwanja vyenye kesi, wanasheria wenu wanaweza kurudi kwa hakimu kuomba ruhusa ya kuweka uzio. Sijui ni hakimu gani atakayekataa, wala ni upande gani wa kesi utakaopinga, maana uzio haumpi mtu ardhi wala haumnyang'anyi.

Ninachopendekeza kiende kwa kasi mbili. Ya kwanza ni ya saa, haihitaji kumpata mtu yeyote: mhandisi na ofisa afya wakishaona kwamba shimo linaweza kuua, uzio uwekwe siku hiyo au inayofuata, chini ya mamlaka ya dharura, na taarifa kwa mmiliki ifuate. Ya pili ni ya wiki chache: notisi iandikwe kwa lugha inayoeleweka, ipelekwe kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, ibandikwe pale shimoni na mahali pa matangazo ya umma, itaje kazi inayotakiwa na tarehe ya mwisho. Mmiliki apewe nafasi ya kusikilizwa. Akisema shimo ni la ujenzi unaoendelea, aonyeshe kibali kilicho hai na mafundi waliopo kazini. Akisema hana fedha, apangiwe kulipa kwa awamu. Tarehe ikipita bila kazi kufanyika, mkandarasi wenu aingie asubuhi inayofuata. Rufaa isikilizwe kuhusu gharama na kuhusu nani alipe, isizuie uzio.

Najua jibu lipo tayari mdomoni: bajeti. Basi tupige hesabu. Chukueni shimo la msingi lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 10 na kina cha mita 3. Ni mita za ujazo 300. Udongo ukichimbuliwa hufumuka, kwa hiyo kuujaza na kuushindilia mtahitaji kama robo zaidi, tuseme mita za ujazo 375. Lori linalobeba mita 10 litakwenda safari 38. Na uzio, ukiuweka mita 3 nje ya ukingo kila upande, unahitaji mita 64 tu za wavu na nguzo. Hiyo ndiyo kazi yote. Huko Totalán walihitajika mamia ya watu na mitambo mizito kwa karibu wiki mbili kwa ajili ya shimo ambalo mfuniko wa chuma wa ukubwa wa sahani ungelizuia. Gharama ya kufukia, tofauti na gharama ya uokoaji, ina mtu wa kuilipa: iandikwe dhidi ya hati ya kiwanja, ili kiwanja kisiuzwe, kisirithishwe wala kisiwekwe rehani kabla deni halijalipwa. Ardhi haihami. Hata mkisubiri miaka kumi, siku ya kuuza itafika na fedha zenu zitarudi kwenye mfuko uleule, zifukie shimo jingine. Kinachohitajika ni kasma ya kuanzia, iliyotengwa kwa kazi hii na isiyoguswa kwa shughuli nyingine.

Nawasihi pia kazi yenyewe ifanywe vizuri, kwa kuwa nimeona mashimo yaliyofukiwa vibaya yakawa hatari zaidi. Taka za majumbani si kifusi. Zinaoza, zinatoa gesi inayowaka, maji yake machafu yanashuka kwenye visima vya watu, na baada ya mwaka ardhi inabonyea. Shimo lililojaa maji lisikaushwe kwa pupa: maji huwa yanazisukuma kuta zisianguke, na yakinyonywa haraka kuliko udongo wa pembeni unavyochuja maji yake, kingo hubomoka, pengine na nyumba ya jirani. Udongo uwekwe kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka lishindiliwe, na juu paachwe pameinuka kidogo kwa sababu patatitia. Kisima kirefu kinahitaji mawe safi au changarawe chini, na udongo wa mfinyanzi au saruji ya kuziba juu, ili maji ya mvua yasipenye moja kwa moja hadi kwenye maji ya ardhini yanayonywewa na wengine. Na kamwe msikubali mtu afunike kisima kwa mbao kisha atupie udongo juu. Mbao huoza bila kuonekana, majani huota, na miaka kadhaa baadaye mtu anakanyaga mahali anapodhani ni ardhi. Shimo lililo wazi angalau huonekana.

Lipo jambo jingine ambalo lazima niliseme waziwazi. Baadhi ya mashimo makubwa kabisa kwenye ardhi za watu yalichimbwa kwa ajili ya serikali. Mkandarasi wa barabara anakodi shamba, anachukua udongo, barabara inazinduliwa, na shimo linabaki kwa mkulima aliyelipwa fedha kidogo na hana uwezo wa kulifukia. Msimpelekee mkulima huyo notisi. Rudini kwenye mkataba, mmtafute mkandarasi, na tangu sasa msimlipe malipo ya mwisho mpaka mhandisi wenu atie saini kwamba kila shimo la kuchukulia udongo limerekebishwa. Mtakapoanza na mashimo yenu wenyewe, hakuna mwenye kiwanja atakayesema anaonewa.

Kwa yale ambayo hayajachimbwa bado, tumieni kibali. Anayeomba kuchimba msingi mrefu, machimbo au kisima aweke dhamana ya fedha inayotosha kufukia anachochimba, arudishiwe jengo likisimama au shimo likijazwa. Marekani imewatoza wachimba makaa ya mawe dhamana ya namna hiyo chini ya sheria ya mwaka 1977, kabla ya kuchimba. Mtu akitoweka, fedha za kurekebisha ardhi zinakuwa mkononi mwa mamlaka, na hamhitaji kumkimbiza.

Ndani ya siku 60 kutoka leo, naomba kila halmashauri itoe rejista ya mashimo yaliyoachwa katika eneo lake na kuibandika mahali ambapo kila mkazi anaweza kuisoma: mahali shimo lilipo, kina chake, lina maji au halina, liko umbali gani na shule au njia ya watoto, lini liliripotiwa, lini uzio uliwekwa, tarehe ya mwisho ya mmiliki, na jina la ofisa anayewajibika. Wenyeviti wa mitaa na walimu wanaweza kuwasaidia kuikusanya. Wanayajua mashimo haya kuliko ramani yoyote. Yaliyo karibu na shule yashughulikiwe kwanza. Na pale safu ya tarehe ya uzio itakapokuwa tupu kwa zaidi ya siku saba, naomba diwani wa eneo hilo asimame kwenye kikao cha baraza kinachofuata aeleze sababu, na maelezo yake yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Wenu,

Mkazi na mzazi